Picha ya Mama Fidélie

Wiki ya harusi ya rafiki yake Pitchou, Félix alirudi Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, amevaa viatu vyeupe. Alishuka kwenye basi asubuhi, mkoba wa kompyuta mgongoni, na hakwenda mbali kabla ya kujua kwamba viatu vile vilikuwa ujinga. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ya kwenda ufukweni ilikuwa tope tupu, magamba ya samaki, na maji ya barafu yaliyochuruzika kutoka kwenye masanduku ya wachuuzi. Watu walitazama viatu, wakapandisha macho usoni, wakamtambua.

"Eh! Njo Félix wa kwa Mama Fidélie!"

Hivyo ndivyo alivyojulikana pale. Wazazi wake walilima mihogo kule Mantapala, kwenye makao ya wakimbizi, walikofikia walipotoka Congo na mizigo kichwani. Lakini aliyemshika mkono mpaka akapata kazi alikuwa Mama Fidélie, mfanyabiashara wa samaki, mama yake Pitchou. Yeye naye alikuwa Mkongomani, mzaliwa wa Kilwa ng'ambo ya ziwa, ila hakuja kwa kukimbia vita. Alikuja na vitenge vya kuuza, akarudi na chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, akavuka tena na tena hadi Kashikishi ikawa kwake. Alimpa Félix chumba cha nyuma na kumlisha bukari, yaani ugali, sahani moja na mwanawe, ili kijana ajifunze kompyuta kwa Davison, Mzambia mwenye duka la fotokopi karibu na soko.

Davison hakumnyima kitu. Wateja walipopungua, alimwachia mashine yake ya zamani, naye Félix akajifundisha kutengeneza tovuti: ya nyumba ya wageni kwanza, kisha ya kanisa, kisha ya watu asiowajua kabisa. Mwishowe kampuni moja ya Lusaka ikamwita. Huko alipanga chumba, akapata rafiki kazini aitwaye Boyd, akazoea kukaa mbele ya kioo kutwa nzima akitafuta kwa nini kitufe kinachoonekana kwenye kompyuta hakionekani kwenye simu. Kazi aliipenda. Nyumbani alikuwa hajarudi tangu ahamie.

Mama Fidélie alimpokea kwenye ua, mikono yote miwili wazi. Alikuwa vilevile: kikwembe cha kitenge kimepigwa pasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi, hereni masikioni. Hata siku za kuanika samaki hakutoka bila hereni.

"Mutoto wangu! Umekonda hivi, kule Lusaka banakulisha nini?"

Akamkalisha, akampa bukari na samaki wa mchuzi, akangoja ale ashibe. Pitchou, ambaye hutengeneza injini za mitumbwi, aliingia na mikono yenye mafuta, wakakumbatiana, wakacheka. Ndipo mama akatoa simu ndani ya kikwembe.

"Sasa angalia hii. Weye njo unajua mambo ya internet. Unisaidie."

Félix aliijua ile picha kabla simu haijatulia mkononi mwake. Mwanamke ameketi kwenye tope, kichwa wazi, gauni la kazi limelowa na kuteleza begani, mikono imeachwa tu magotini. Nyuma yake chisense wamesombwa na maji. Mdomo wake umefunguka kama mtu anayeita bila kutoa sauti.

Ni yeye aliyeipiga.

Ilikuwa siku ya mvua ya ghafla, zamani kidogo, akiwa bado anaishi katika chumba cha nyuma. Alikuwa na simu mpya. Kupitia dirishani alimwona mama akikimbia huku na huku, kisha akikaa chini pale pale, samaki wote wameharibika. Mwanga baada ya mvua ulikuwa mzuri. Félix alipiga picha kwanza, ndipo akatoka kusaidia. Mama hakuwahi kujua.

Halafu Lusaka. Shirika moja la kuchangisha misaada lilitaka tovuti, na picha walizoleta zilikuwa za watu wanaotabasamu. Patron, mwenye kampuni, alisema hizo hazimsimamishi mtu. Boyd akamgeukia: wewe unatoka huko, huna ya kwako? Félix akafungua simu. Alijiambia kwamba hakuna mtu wa ziwani atakayefungua tovuti ya Kiingereza. Na maneno ya chini ya picha aliyaandika yeye mwenyewe, kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo alichelewa. Patron akamsifu mbele ya ofisi nzima, naye akafurahi, na jioni ile akala nyama ya kuchoma na Boyd.

"Bamama ya kanisa balivuka toka Kilwa," Mama Fidélie alikuwa akisema. "Balileta beseni ya unga na bilamba, nguo ya zamani, imefungwa kama ya mutu wa kuunguliwa nyumba. Balisimama hapa kwa mulango, bananihurumia. Mie! Nilibapikia samaki, nikabalisha vizuri, njo nikabauliza: ni nani alibaambia nina njaa? Bakanionyesha hii."

"Haya, mama," Pitchou akasema. "Usijiumize."

"Acha niseme. Mutoto wa mukubwa mumoja kule anasoma Lubumbashi, njo alitafsiri Kingereza. Sasa Kilwa yote inajua mie ni mutu wa kuombaomba. Na mutu mwenye alifanya, namujua. Ni Davison."

Félix akainua kichwa. "Davison?"

"Ni nani mwingine? Yeye njo alikuwa na appareil ya foto mu duka. Nilimuuliza, akakataa, anaapa. Sisemi naye tena. Na soko yote nimeiambia."

Félix alitaka kufungua mdomo wakati ule. Sentensi aliipata, ilikuwa fupi, lakini Mama Fidélie alikuwa amemshika mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa matumaini kiasi kwamba sentensi ile ilirudi tumboni. Badala yake akasema, "Ngoja nione, mama," akatoa kompyuta mkobani.

Aliiweka mezani na kuunganisha na simu yake. Pitchou akasogea kando yake. Ukurasa wa kuingilia ukafunguka, jina na neno la siri vikajijaza vyenyewe, na Félix akabofya haraka kuliko ilivyopaswa. Akaitoa picha. Akayatoa na maneno. Akaweka picha ya ziwa tupu.

"Imetoka, mama."

Mama Fidélie alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Akamshika Félix kichwa, akambusu paji la uso. Mchana, wanawake walipokuja kuombea harusi, alimsimamisha katikati yao.

"Mutoto huyu," akasema, "leo amenivalisha nguo mbele ya batu."

Wakampigia makofi. Félix alisimama pale, akawaza kwamba kama angeanguka na kuzimia ingekuwa afadhali. Hakuanguka. Alisema "Aksanti, bamama," sauti yake ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Pitchou alimkuta nyuma ya nyumba, penye vichanja vya kuanikia.

"Ile jina yenye ilijiandika pale kwa kompyuta," Pitchou akasema taratibu. "Ilikuwa ya kwako."

Félix akageuza samaki mmoja kichanjani.

"Mie siko mutu wa kompyuta, lakini kusoma najua. Site ni yako."

"Ni ya patron."

"Foto?"

Ziwa lilikuwa linameta mbele yao, na mtumbwi mmoja ulikuwa ukipakuliwa na watu waliopigiana kelele kwa Kibemba. Félix aliwatazama hao.

"Foto ni yangu," akasema. "Niliipiga kwa dirisha."

Félix alitamani apigwe. Walikuwa wamelala mkeka mmoja, wamevaa shati moja kwa zamu, na sasa rafiki yake alikuwa akijifuta mafuta ya injini vidoleni, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama.

"Utamuambia weye, ao nitamuambia mie?"

"Ngoja harusi ipite."

"Davison iko anakaa peke yake mu duka, batu hawaingie tena. Yeye angoje harusi?"

Wakaingia pamoja. Mama Fidélie alikuwa akichagua mchele wa sherehe kwenye ungo, na Plamedie, mchumba wa Pitchou, akimsaidia. Félix alipiga magoti. Hakupanga kupiga magoti. Miguu ilifanya yenyewe.

"Mama, ni mie. Foto ni mie nilipiga, na ni mie niliweka pale. Davison hajue kitu."

Plamedie aliinuka akataka kutoka, lakini mama akamzuia kwa mkono. Mikono yake ikaendelea kuchagua mchele, punje hii, jiwe hili, kana kwamba hakusikia. Halafu ikasimama.

"Ile maneno ya Kingereza," akasema. "Nilisikia kipande tu. Iko bado kwa kompyuta yako?"

"Mama, niliitoa."

"Haujasahau. Mutu hasahau kitu alichoandika. Nisomee. Kwa Kiswahili."

Félix akatazama sakafu. Katika kazi yake yote hakuwahi kufikiri kwamba maneno ya tovuti yana mdomo, na kwamba siku moja mdomo huo ungekuwa wake. Akaanza.

"Jina yake ni Esta."

"Esta ni nani?"

"Nilitunga tu, mama."

"Endelea."

"Hajue kama batoto yake batakula leo. Hana kazi. Hana mutu. Anangoja mukono yako."

"Anangoja mukono," Mama Fidélie akarudia. Alitazama nje, kule penye vichanja. "Mie siku ile nilikuwa nangoja jua. Na jua ilitoka. Tulichukua chisense bengine kwa mutumbwi ya kaka Blanchard, tukaanika tena, kesho yake nikavuka. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama. Nilikusaidia kuanika."

"Ile haukuandika."

Hakupaza sauti. Kama angepaza, Félix angejua la kufanya. Mama aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akatoka amebadili kitambaa cha kichwa, amevaa kile cha kanisani.

"Simama. Twende."

Walipita sokoni katikati, yeye mbele, Félix nyuma. Wanawake wa chisense walimsalimu mama, naye akaitikia kila salamu, wala hakuharakisha. Davison alikuwa ameketi mlangoni pa duka lake, gazeti mkononi. Alipowaona alisimama, kama mtu asiyejua anakuja kutukanwa tena au la.

"Bana Pitchou, mwaiseni mukwai," akasema, akimkaribisha mama yake Pitchou kwa heshima ya Kibemba.

Mama Fidélie alizungumza naye kwa Kibemba chake cha sokoni, kilichovunjika lakini kisichoogopa. Alisema amemchafulia jina bure, na kwamba ataifuta aibu hiyo kwa mdomo uleule, meza kwa meza. Kisha akapisha, Félix akabaki uso kwa uso na mtu aliyemfundisha kushika kipanya.

Félix alisema yote. Davison alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kwa hiyo ulijua nalaumiwa?" akauliza.

"Nilijua leo tu."

"Leo asubuhi, au sasa hivi?"

"Asubuhi," Félix akasema. Hilo dogo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwa sababu lilikuwa kweli: mchana mzima alikuwa amepigiwa makofi.

Davison alitikisa kichwa, akavaa miwani, akamuuliza Mama Fidélie habari za harusi. Na Félix hakusemeshwa tena.

Harusi ilikuwa nzuri. Mama Fidélie alicheza mpaka kitambaa kikalegea, na wageni wa kutoka Kilwa waliona kwa macho yao ng'ombe mzima akichinjwa nyumbani kwake. Félix alitakiwa kusimama karibu na bwana harusi. Pitchou alimweka mtu mwingine, bila maelezo, na Félix hakuyadai. Alikaa kwenye benchi la mwisho na wageni wa wageni. Plamedie alipopita kugawa soda alimpa moja akasema tu, "Ya Félix, kunywa," na kwa neno hilo dogo, Ya, yaani kaka, Félix alikaribia kulia mbele ya watu.

Kule Lusaka patron alimwuliza kwa nini wateja wamekuta ziwa tupu mahali pa mama mwenye huzuni. Félix akaeleza kwamba mama huyo ana jina, na hajaridhia. Patron akasema picha iliuzwa, ni mali ya shirika, irudishwe. Félix hakuirudisha. Mtu mwingine angeweza kuirudisha, kwa hiyo alifuta nakala zote alizoweza kufikia, kisha akaandika barua ya kuacha kazi kabla hajaandikiwa ya kufukuzwa. Boyd alimwambia anajiumiza kwa jambo dogo. Labda kwa Boyd lilikuwa dogo. Urafiki wao ulipoa, na Félix akahamia Kitwe, ambako hatengenezi tena kurasa za kuombea watu misaada. Anatengeneza za maduka ya vipuri na za shule, na kila picha ya mtu anauliza kwanza ni nani huyu, na ameulizwa?

Kwa Mama Fidélie hupiga simu siku za Jumapili. Mama hupokea. Huuliza afya, mvua, chakula, kisha husema ana kazi. Pitchou amerudia utani wake, kidogo kidogo, ingawa harusi hawaizungumzii kamwe.

Lakini picha haijaisha. Watu waliichukua wakati ikiwa wazi, wakaibandika kwenye blogu zao, kwenye mahubiri, kwenye matangazo ya michango ya nchi ambazo hazina hata ziwa. Asubuhi, kabla ya kazi, Félix huitafuta. Akiipata humwandikia mwenye ukurasa, kwa Kiingereza au Kifaransa, kwamba mwanamke huyu si Esta, anaitwa Fidélie, ni mfanyabiashara, tafadhali itoe. Wengine huitoa. Wengine hujibu kwamba haina ubaya, inagusa mioyo. Wengi hawajibu. Juzi aliikuta kwenye tovuti ya mbali sana, imepewa jina jipya na nchi mpya. Alikaa akiitazama, bega lile wazi, tope lile, na mikono ile iliyochoka, kisha akaanza kuandika tena: Bwana, Bibi, picha hii niliipiga mimi.