Laini Tatu za Kumtafuta Mama

Nilitoka nyumbani Jericho siku ya Alhamisi kwa sababu moja: tangu mama yangu ahamie Kayole mwanzoni mwa wiki, simu yake ilikuwa haipatikani. Mama ana ugonjwa wa sukari na hujidunga sindano kila asubuhi. Nami wiki iliyofuata nilitakiwa kwenda Malindi kununua viungo vya duka langu, na singeweza kwenda mbali kiasi hicho nikimwacha mzee asiyefikika.

Nilidhani kosa ni la laini. Simu yangu, yenye nafasi tatu za laini, ilikuwa na mbili: moja ya gharama, ambayo watu husema inashika kila mahali, na nyingine ya bei nafuu niliyoitumia kwa intaneti tu. Nilipanga kununua ya tatu njiani, nizijaribu zote chumbani kwa mama, nijue ipi itatuunganisha nikiwa safarini.

"Ukifika nipigie kwanza," mke wangu Rukia aliniambia mlangoni. "Mambo ya kupima mitandao yangoje. Nataka kusikia mama yuko salama."

Barabara ya Outer Ring, nikiwa nyuma ya boda boda, laini zote mbili zilikuwa zimejaa mtandao. Nilimpigia mama kwa ile ya gharama. Hapatikani. Kwa ile ya bei nafuu, jibu lilikuwa lile lile.

Kariobangi nilishuka penye mwavuli wa wauza laini, kelele za mafundi wa mabati zikinipasua masikio. Kusajili kulichukua muda, maana foleni ilikuwa ndefu na picha ya kitambulisho changu ilikataa kutokea vizuri. Laini ilipoamka, nilimpigia mama kwa salio dogo nililopewa bure. Hapatikani. Laini tatu haziwezi zote kuwa mbovu siku moja. Tatizo lilikuwa kule aliko yeye.

Kayole, nyuma ya Spine Road, ghorofa zimesogeleana hivi kwamba ukiwa chini huoni jua. Chumba cha mama kiko chini kabisa. Alikichagua mwenyewe kwa sababu ya magoti yake, na kwa sababu alisema amechoka kulala sebuleni kwangu kama mgeni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Jirani yake, Mama Kevo, alitoka na ufunguo aliokuwa amewekeshwa.

"Shosho ametoka na boda. Alikuwa na haraka sana," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Hakusema. Nilidhani ni kliniki."

Ndani, chai ilikuwa mezani, imejaa mpaka ukingoni, na juu yake pamefanya utando. Chapati ilikuwa imefunikwa kwa sahani, haijaguswa. Kando yake palikuwa na kifuniko cha sindano, na ukutani simu yake ilikuwa kwenye chaji. Nilikaa kitandani. Mama alikuwa amejidunga dawa, akatoka bila kula, bila simu. Mtu wa sukari akifanya hivyo anaweza kuanguka popote, na wapita njia wakadhani amelewa au amelala.

Nilijaribu kumpigia Rukia. Laini ya gharama ilikuwa imekufa kabisa. Ile ya bei nafuu iliita mara moja, ikakatika. Laini mpya ilikuwa inashika vizuri, lakini salio lake la bure lilikuwa la saa moja tu, na muda wake ulikuwa umepita. Nilizungukazunguka chumbani nikiinua simu juu kama kichaa, nikifungua kabati, nikitafuta dalili yoyote ya alikokwenda.

"Hapo chini hutapata kitu," Mama Kevo aliniambia. "Sisi wote hupanda juu, kwenye kamba za nguo."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nilipofika ghorofa ya tatu, simu ilianza kutetemeka mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe: namba nisiyoijua ilikuwa imenitafuta mara kadhaa wakati nilipokuwa chumbani. Niliipigia.

"Wewe ndiye Idi?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Hatimaye! Mama yako yuko dukani kwangu Kariobangi. Alikaribia kuzimia."

"Anaongea?"

"Anaongea sana, ndugu yangu. Njoo."

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka tu kwamba nilimwambia mwenye boda aharakishe, kisha nikamwomba apunguze mwendo, kwa kuwa nilihofia nisifike kabisa.

Duka lilikuwa la jumla, la mchele na sukari, mitaa miwili tu kutoka pale niliposajili laini. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, mtandio umelowa jasho, ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Mwenye duka, dada aitwaye Fardosa, alikuwa akimpepea kwa kipande cha katoni. Mwenye boda aliyembeba mama alikuwa bado yupo.

"Niliona mathe anaanza kuniegemea, kichwa kinaenda upande," alinieleza. "Nikasimama hapa, nikaitisha kitu tamu. Singemwacha, buda."

Nilipiga magoti mbele ya mama. Alinitazama kwa hasira.

"We Idi, simu yako umeizima tangu lini?"

"Sijaizima, mama. Ni wewe usiyepatikana."

"Mimi? Mimi nakupigia kila siku, haiendi! Nikasema mwanangu amekufa, na Rukia ananificha. Ningekula vipi?"

Alikuwa njiani kuja kwangu kwa hofu ile ile iliyonipeleka kwake. Namba yangu ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo, na kila Fardosa alipoipiga, mimi nilikuwa nimesimama katika chumba ambamo haikuweza kunifikia. Nilimkumbatia mama mbele ya wateja, naye akanisukuma taratibu akisema nitamwaga soda.

Kurudi, tulipitia kliniki akapimwa, kisha tukaenda Jericho. Rukia alimpokea huku analia.

Jumamosi nilirudi Kayole peke yangu na laini zote tatu. Ile mpya, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiisifu, ndiyo iliyoshika hadi kitandani, na ndiyo niliyoiweka kwenye simu ya mama. Niliandika pia namba za Mama Kevo na za mwenye boda. Safari ya Malindi nilikwenda na ile ya gharama. Ilinifaa barabarani karibu kote, na ile ya bei nafuu ikatosha kwa intaneti nilipofika mjini.

Kabla ya hapo, nilikuwa nikiwauliza watu mtandao gani unashika hadi pwani, gani hadi mpakani, kana kwamba hatari iko mbali. Pengo lililokaribia kuninyang'anya mama lilikuwa na ukubwa wa chumba kimoja tu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kuhamia humo, nikimbebea kitanda chake.