Chapati ya Moto na Kodi ya Chuo

Kwenye duka la Mama, unga haukuwa na kodi ila chapati ilikuwa nayo. Ndivyo ilivyotaka sheria ya mji wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili: chakula unachokwenda kupika mwenyewe kiliachwa, chakula kilichopikwa na kupashwa moto kikatozwa kodi ya mauzo. Mama aliichukia sheria hiyo kana kwamba ilitungwa kwa ajili ya kumkomoa yeye peke yake.

"Yaani wanatoza kodi mikono yangu," alikuwa akisema huku akisukuma chapati. "Unga ni ule ule. Kilichoongezeka ni nini? Si ni mimi?"

Mama hakuwa mama yangu. Alikuwa Mkenya wa Nakuru, mjane, mwenye duka dogo la vyakula vya kwetu upande wa mashariki wa Washington, karibu kabisa na mpaka wa Maryland. Mbele aliuza unga, maharagwe, majani ya chai na mafuta ya nazi. Nyuma kulikuwa na jiko na meza chache zenye vitambaa vya plastiki. Mimi nilikuwa kijana wa Tanga niliyepanga chumba Bladensburg, upande wa Maryland, mchana nikimfanyia kazi, jioni nikisoma katika chuo kikuu cha umma cha mji. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Nyinyi Watanzania mtaniua na heshima," alisema. "Haya, marahaba. Sasa osha hizo sufuria."

Mteja wetu wa kudumu alikuwa dereva wa teksi, Mkongo wa Bukavu, mtu wa suti na tai hata jua likiwaka vipi. Yeye aliielewa sheria ya chakula cha moto kuliko madiwani walioipitisha. Alinunua sambusa za baridi zilizofungwa kwenye pakiti, akapokea risiti isiyo na kodi, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni, kisha akainama kidogo mbele ya kaunta.

"Mama, pardon. Naomba tu kupasha hizi kidogo mu mashini yenu."

"Mashini imeharibika."

Wakati huo mashini, yaani maikrowevu, ilikuwa inazunguka mbele ya macho yetu sote, ndani yake mna sahani ya pilau ya mtu mwingine.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kwa amani ya aina yake, mpaka baadhi ya madiwani walipotoa wazo la kuongeza kidogo kodi ya mauzo, na nyongeza hiyo yote iende kwenye chuo chetu. Chuo kilikuwa na hali mbaya. Maktaba ilifungwa Jumapili, siku pekee ambayo sisi wenye vibarua tulikuwa na nafasi. Katika maabara tulichangia darubini kama watu wanaochangia kijiko. Basi mwalimu wetu mmoja akatukusanya na kutuomba twende kwenye kikao cha baraza la mji tukaseme.

Mwalimu huyo alikuwa mama wa Kimarekani mweusi, mwenyeji wa mji ule ule, aliyejifunza Kiswahili ujanani na kukaa Unguja miaka kadhaa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba mbele yake nilijiona nazungumza lugha ya kuokoteza. Aliponiuliza kama ningekubali kusema mbele ya madiwani, aliniuliza hivi: "Waonaje, mwanangu, waweza kusimama ukatutetea?" Nani angekataa?

Nilirudi dukani na bunda la vipeperushi vya kuiunga mkono kodi hiyo, nikaviweka kaunta wakati Mama yuko jikoni. Kesho yake nilivikuta vimetandikwa chini ya maandazi, vinanyonya mafuta.

"Karatasi nzuri," Mama alisema. "Hiyo shule yako iko na vitu za maana."

"Mama, ni nyongeza ndogo tu."

"Ndogo kwa nani? Mteja akivuka hiyo barabara yuko Maryland, anakula kwa bei ya Maryland. Na wewe mwenyewe unalala huko! Unataka watu wa hapa wakulipie shule halafu jioni unapanda basi unaenda zako!"

Mama akaona amepata hoja, akaitumia. Kuanzia siku ile kila aliyenunua chakula cha moto alisomewa risiti kwa sauti. "Hii ni ya chapati, hii ni ya maharagwe, na hii kodi wanataka kuiongeza ndio huyu kijana asome." Kisha ananinyooshea kidole chenye unga.

Alitaka waninunie. Lakini watu wetu ni watu wa michango. Ukishawaambia kwamba mtoto anasomeshwa, kila mmoja anajiona mzazi. Kodi yenyewe haikuwa imepita, hakuna aliyekuwa amelipa hata senti ya nyongeza, ila wote walianza kuniuliza habari za masomo. Mtu anakula sambusa anataka kujua kwa nini nimevaa kaptula wakati mimi ni msomi. Dereva wa Bukavu, ambaye kwa jitihada zake zote hakuwa akilipa kodi yoyote dukani pale, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Leta matokeo yako, petit," aliniambia siku moja, akiniita mdogo kwa Kifaransa chake huku akikunja mkono wa suti. "Mu hesabu ulipata ngapi?"

Nikamwambia.

"Ni hiyo tu? Na tuko nalipa?"

Mama alikuwa anacheka jikoni huku amejiziba mdomo kwa aproni.

Siku ya kikao nilivaa shati langu jeupe nikaomba ruhusa. Mama aliniruhusu upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilipofika kwenye ukumbi wa baraza nikakaa karibu na mwalimu wangu, nikawa narudia maneno yangu kimoyomoyo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mama. Amefunga duka. Amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba kikubwa, mkoba mkononi. Alipita mbele yangu bila hata kugeuza shingo.

Jina lake lilipoitwa alikwenda kwenye kipaza sauti, akatabasamu, akanyamaza. Karani akapekua karatasi zake, akatangaza kwamba mama huyu aliomba mkalimani wa Kiswahili, na kwa bahati mbaya mkalimani hakupatikana. Je, kuna yeyote ukumbini anayeweza kusaidia?

Mama akageuka taratibu, akaninyooshea kidole kile kile.

Niliinuka nikaenda mbele. Mama alikuwa anakijua Kiingereza vizuri sana. Kila wiki nilimsikia akigombana kwenye simu na wauzaji wa jumla wa Landover mpaka wanampunguzia bei. Nilipomfikia nikamnong'oneza, "Mama, unafanya nini?"

"Anayetumia mkalimani anapewa muda mara mbili," akanijibu kwa utulivu. "Niliuliza. Na nataka hiyo maneno itoke kwa mdomo yako."

Akaanza. Alisema sentensi, ananisubiri, nami naitafsiri. Niliposema "Mama huyu anasema yeye ni mfanyabiashara," alinigusa bega. "Sema 'mimi'. Mkalimani anasema 'mimi'." Basi nikasimama mbele ya baraza zima na shati langu jeupe, nikatamka kwa Kiingereza changu bora kwamba mimi ni mjane, ni mama wa watoto watatu, na kodi hii itanimaliza. Watu wa nyuma walianza kutikisika kwa kicheko.

"Na niko na mfanyakazi mmoja," Mama akaendelea, akinitazama usoni. "Huyo akisoma, chapati inaungua. Asiposoma, pia inaungua. Sasa mnataka niongeze pesa asome zaidi, si nyumba itashika moto?"

Nikawaambia madiwani kwamba nina mfanyakazi mmoja ambaye bado anajifunza upishi.

Mwalimu wangu akakohoa. "Mwanangu," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, "tafsiri sawasawa kama ulivyoambiwa."

Mama akageuka kumtazama. Hakuwa amejua kwamba ukumbini mna mtu mwingine anayemwelewa, sembuse mtu wa upande wangu, lakini alipoona huyo mtu wa upande wangu ndiye anayemtetea yeye, akaikunjua shingo kwa raha. Nami nikalazimika kuyasema yote: kusoma, kuungua, kutosoma, kuungua, na nyumba kushika moto. Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mpiga chapa aliyekuwa anaandika kila neno alisimamisha vidole.

Muda ulipokwisha, diwani mmoja wa makamo aliyekuwa amejiegemeza kwenye kiti chake alitaka kuongeza utani wake. Akasema kwamba kama huyu kijana ndiye sampuli ya wanafunzi wa chuo chetu, kwa tafsiri ile ya kukwamakwama, labda fedha hizo zipelekwe kwenye kuziba mashimo ya barabarani.

Sijui kama alikusudia ubaya. Najua masikio yangu yaliwaka. Kabla sijafungua mdomo, Mama alikwishakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Samahani sana, bwana," alisema kwa Kiingereza kisafi, bila hata konsonanti moja kuteleza. "Huyu kijana anatoka kazini kwangu kila jioni amechoka, anakwenda darasani, na asubuhi anarudi kwa wakati. Tafsiri yake haina kosa lolote. Anayemcheka aje kwanza ajaribu kusema mambo yake kwa lugha ya mtu mwingine."

Halafu mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwenye miwani, akauliza polepole, "Mama, kumbe unazungumza Kiingereza?"

Nilimwona Mama akitambua alichofanya. Kilemba kilisimama wima. Macho yakaenda dari, yakaenda kwa karani, yakaja kwangu. Kisha akatabasamu.

"Nimejifunza sasa hivi," alisema, "kwa kumsikiliza yeye."

Kicheko kilichofuata kilipita kile cha kwanza. Mwalimu wangu alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. Akasema, na hili liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba katika kazi yake yote hajapata kusikia ushahidi mzuri namna hiyo wa ubora wa chuo kikuu, na anamshukuru Mama kwa kukiunga mkono.

"Sikuunga!" Mama akapiga kelele, lakini kipaza sauti kilikwishazimwa.

Zamu yangu ilipofika yale niliyoyakariri yote yalikuwa yametoroka. Nilisema habari za maktaba na darubini nikakaa. Hakuna anayekumbuka nilichosema.

Wakati wa kurudi tulipanda basi moja. Mama alikaa dirishani amenuna.

"Ulinitetea, Mama," nikamwambia.

"Sikukutetea. Nilikuwa nagombana na yule mzee. Hayo ni mambo mawili." Tulipokaribia kituo chetu akaongeza, "Halafu hiyo tafsiri ilikuwa inakwamakwama kweli."

Madiwani walivutana kwa majuma mengi. Mwishowe walipitisha nyongeza ndogo kuliko ile ya mwanzo, na chakula cha moto wakakiacha kwenye kodi yake ya zamani. Mwalimu wangu alitangaza darasani kwamba tumeshinda. Mama alitangaza dukani kwamba ameshinda yeye. Nami nikala chapati za ushindi pande zote mbili.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Mama alikuwa analipa nyongeza ile kila aliponunua sabuni, ndoo au viatu, na wazo hilo halikumpa usingizi. Jioni moja ya masika nilikuwa darasani, mwalimu anatufundisha, mlango ukafunguka. Mama aliingia na mkoba wake, nyuma yake mlinzi anahema.

"Nilimwambia huyu bwana mimi ni mmoja wa wenye chuo," alisema. "Hanisikii."

Mwalimu akamkaribisha kwa Kiswahili cha Unguja, akamwonyesha kiti cha mbele. Mama akaketi, akakagua dari, akapitisha kidole kwenye meza kuangalia vumbi, akayatazama madirisha kwa masikitiko. Kisha akatulia akasikiliza. Somo lilihusu uchumi wa miji na namna bei zinavyopangwa. Tulipofika katikati, nilimwona akiinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hapo umekosea kidogo." Akainuka, akaenda ubaoni, akachukua chaki, akaandika: "Unga. Mafuta. Mikono yangu."