Mashine mpya haina pa kutia CD

Leo tumepiga makofi, na mpaka sasa nnaona haya.

Tulikuwa barazani baada ya Alasiri, tumeiinamia simu moja, tunaangalia mashine mpya ya gemu iliyotangazwa. Wengine wanasifia picha. Wengine wamenuna: hizi tulizonazo hata hatujazichoka!

Mara mmoja wetu akasoma kwa sauti: haina pa kutia CD. Gemu zote unashusha mtandaoni.

Hapo sote tukashangilia. CD zenyewe mikwaruzo mitupu.

Tukasahau kuwa juu yetu, dirishani, yupo Suleiman.

Tangu aanguke na pikipiki hawezi kushuka ngazi. CD tunazochezea karibu zote ni zake. Unamwita, anakuteremshia kikapu kwa kamba, mnazungumza weye shingo juu mpaka Magharibi.

"Kwa hivyo," akauliza, "hamtoniita tena?"

Kikapu kikashuka. CD zake zote zimo.

"Chukueni tu."

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?

Mimi nimechukua moja, nyengine nikaziacha humo humo.

"Hii nairejesha kesho. Nikikuita, uitike."

Kikapu kikapanda polepole.

Kesho Alasiri nnakwenda. Nani mwengine anakuja kuazima?