Nilimkataza Mgeni Asile kwa Mama Yangu

Admin, nifichie jina na ofisi, mengine yaache kama nilivyoandika. Nina miaka ishirini na tisa, ni karani wa masijala katika ofisi moja hapa Kibaha, sijaolewa na naishi peke yangu. Najua wengine mtanitukana. Nitukaneni, ila mkimaliza mnisaidie, maana hili jambo linanimaliza.

Mama yangu ni mama lishe. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne, mama akatoka kwao Chole, Kisarawe, akaja kufungua banda karibu na Picha ya Ndege. Wali wa nazi, kisamvu, samaki wa kukaanga, basi. Banda hilo hilo ndilo lililonisomesha mpaka chuo. Lakini siku ya kwanza kazini, wenzangu waliponiuliza mama anafanya nini, nikajibu ni mfanyabiashara, yuko Kisarawe. Sijui nilikuwa naogopa nini, maana wao wenyewe wengi ni watoto wa wakulima. Baada ya kusema hivyo nikawa sina ujanja. Kwa mama nikawa naenda Jumapili tu, siku ambayo watu wa ofisini hawapiti ile njia. Nilimwambia kazi zimenibana, naye akaniamini.

Ofisini kwetu wageni hawaishi, leo wa semina, kesho wa ukaguzi. Meza yangu iko karibu na mlango, kwa hiyo ikifika saa sita mimi ndiye wanayeniuliza wapi kuna chakula kizuri. Nilikuwa nawaelekeza kwenye hoteli zenye viyoyozi, ambako mimi mwenyewe sijawahi kula nikashiba.

Mwaka jana akaja mzee mmoja kutoka Singida, kwenye mafunzo ya wiki moja. Mcheshi, anapenda kula, hafichi. Siku ya pili akaja mezani kwangu.

"Binti, hizo hoteli zako nimezichoka, chipsi kuku kila mkoa ni zile zile. Mimi nikifika mji wa watu nawauliza bodaboda wao wanakula wapi. Wameniambia kuna mama yuko Picha ya Ndege, ukifika saa saba hukuti kitu. Unamjua?"

Wenzangu wawili walikuwa pale pale wanasikiliza. Ningeweza kusema simjui. Ningeweza hata kusema ndiyo, nenda, anapika vizuri, na nisiongeze neno. Mimi nikasema, "Pale usiende mzee. Yule mama ni mchafu, utaumwa tumbo." Nimelisema kwa mdomo wangu huu, na sikulazimishwa na mtu.

Kesho yake mzee akaenda. Alirudi anacheka, ameshika hotpoti ya kijani.

"Binti, ulitaka kuninyima utamu! Nimemwambia yule mama kuna karani wa masijala ofisi ile amenitisha eti nitaumwa tumbo. Akaniuliza, huyo binti ana mwanya? Nikamwambia ndiyo. Akasema msimlaumu, anawajali wageni wake. Halafu akanifungia na hiki nikuletee. Kasema hakina pilipili. Hivi kajuaje kama huli pilipili?"

Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikasema, "Kabahatisha tu." Kile chakula sikukila, nilimpa mlinzi. Niliingia chooni nikalia mpaka nikaogopa watu watanisikia.

Jumapili nilipokwenda nilikuta banda limefungwa. Dada anayeuza mboga jirani akaniambia, "Mama karudi kwao. Kasema miguu inamsumbua. Kwani hakukuaga?" Nikampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akasema, "Nimechoka tu mwanangu, na moshi si mzuri kwa macho yangu." Hakunisema, hakuniuliza chochote. Bora angenitukana.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda Chole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipokea mkoba, akanitandikia mkeka. Zamani nikifika ananiambia, "Nenda jikoni kapakue, unangoja nani?" Safari hii nilipoinuka akanikalisha. Akaleta sabuni, akanawa mbele yangu, akasuuza, akapaka sabuni tena, akanawa mara ya pili, polepole, nione. Akaweka sahani katikati, akakata tonge la kwanza akala yeye.

Akasema, "Nimeshatoa sumu. Kula, mwanangu."

Kwetu anayetolewa sumu ni mgeni. Mtoto wa nyumbani hatolewi sumu, anakula tu. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Alikuwa anataka kweli niwe na amani na chakula chake. Nikala, nikaaga nikaondoka kabla ya alasiri.

Nimemweleza mjomba, mdogo wake mama. Akaniambia, "Acha. Mama yako kaamua kulimeza, wewe ukilitamka unamvunjia heshima mara ya pili. Mtunze tu, yataisha." Labda yuko sahihi. Lakini nikimpelekea kitenge ananishukuru kama anavyomshukuru mtu baki. Nikimwomba arudi Kibaha tulifungue banda pamoja anasema, "Wateja watakosa amani, mama." Na umri unakwenda, sukari inampanda. Naogopa ataondoka duniani akiamini mwanawe anamwonea kinyaa.

Nyie mliokosana na wazazi mkapatana, nishaurini. Nimpigie magoti nimwambie kuwa ni mimi niliyesema, wakati anajua na hakutaka kuniaibisha? Au nimtii mjomba ninyamaze, niendelee kwenda Chole kutolewa sumu na mama yangu mzazi? Nifanye nini?