Kengele Ndani ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia mjini Lodwar na gita mgongoni na viatu vya kuazima, nikidhani nitapigiwa makofi. Mkurugenzi wa studio, mwalimu mstaafu aliyekuwa mfupi wa kimo na wa maneno, alinitazama juu hadi chini, kisha akanipa brashi na kopo la rangi nyekundu.

"Kwanza andika jina la studio pale nje," akasema. "Watu wasipojua tuko hapa, hilo gita utampigia nani?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi tatu kwa mlango mmoja. Nyinyi vijana mna simu inayorekodi, kuchora na kupiga muziki. Miaka ya tisini, simu hiyo ilikuwa mimi. Jumamosi nilipiga gita na bendi yetu kwenye harusi, kuanzia Kerio kule ziwani hadi Kalemng'orok kwenye barabara ya Kitale. Siku za wiki nilirekodi kwaya. Na nyimbo zikishakamilika nilikaa mezani kuchora jalada, kile kikaratasi kinachokunjwa ndani ya kasha la kaseti.

Chombo chetu kikuu kilikuwa rekoda ya njia nne, yaani mashine inayougawa utepe wa kaseti mara nne: gita linakaa njia yake, ngoma yake, mwimbaji yake, kisha unazichanganya ziwe wimbo mmoja. Kuta tulizibandika trei za mayai ili zimeze mwangwi. Feni tuliizima kila tulipoanza, maana maikrofoni haina adabu, inasikiliza hata yale isiyoitiwa. Joto la Lodwar mnalijua. Kwaya ilianza wimbo ikiwa nadhifu na kuumaliza ikiwa imelowa chapachapa.

Mkurugenzi alikuwa na sheria moja, usafi wa sauti. Mbuzi akilia nje, tunaanza upya. Mlango ukikwaruza, tunaanza upya. "Kaseti ni maji ya kunywa," alikuwa akisema. "Mtu hatii mchanga ndani." Nilimheshimu sana, na masikio niliyo nayo ni yeye aliyenifunza kuyatumia.

Baada ya miaka michache alinituma Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nikafungue chumba cha pili cha kurekodia. Kambi ilikuwa imejaa watu kutoka kusini mwa Sudani, Somalia, Kongo na Burundi, na hata aliyefika bila sufuria alifika na nyimbo. Nilipiga gita na Wakongo, wakanionyesha kwamba miaka yote ile vidole vyangu vilikuwa vimelala. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kikinizunguka kwa mshangao.

Huko ndiko alikonijia Deng, Mdinka mrefu kutoka kusini mwa Sudani aliyeshona viatu sokoni. Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. Alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alimwambia lazima apasuliwe Nairobi. Huenda angepona lakini sauti isirudi. Gari lingemchukua kesho yake.

"Dada, mimi iko na wimbo moja," akaniambia. "Wimbo ya ng'ombe yangu. Toto yangu hapana sikia hata siku moja. Kesho naenda kukatwa koo. Shika hii wimbo, tafadhali."

"Mbona hukuwaimbia siku zote?"

"Ng'ombe ilipotea kwa vita. Nitaimbia nani?"

Mimi ni Mturkana, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu pia mwanamume huwa na maksai mmoja wa moyo wake, ng'ombe dume aliyehasiwa, anayemlea tangu ndama. Humpinda pembe ziote atakavyo, humvisha kengele, humtungia wimbo, na akiimba huinua mikono juu kuigiza zile pembe. Kumbe Wadinka nao hivyo hivyo! Nilikuwa nimeishi nao kambini na sikujua.

Nikafunga mlango, nikazima feni. Deng akainua mikono, akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Akarudia, akakwama palepale. Nikamgongea kijiko kwenye chupa ya soda, nikajaribu gita. Akatikisa kichwa.

"Kengele yake ndiyo mguu ya wimbo," akasema. "Bila kengele naanguka."

Machozi yalikuwa yakimtoka, mtu mzima yule. Nami nilikuwa nimeishiwa na ujanja.

Ndipo tukasikia kengele nyuma ya ukuta.

Ilikuwa ya maksai wa Mzee Ekiru, Mturkana mwenzangu aliyepita hapo kila asubuhi akienda kunywesha mifugo kwenye laga, ule mto mkavu ambako visima huchimbwa mchangani. Nikakimbia nje. Lakini kumbukeni, siku hizo wenyeji na watu wa kambi waligombania kuni na maji, na Mzee Ekiru hakuwa na neno tamu kwa mkimbizi yeyote. Tena nilitaka kumwomba kitu kisichoombwa, kwa kuwa maksai wa mtu haimbiwi na mwingine.

"Ejok, mzee," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Ejok noi," akaitikia.

Nikamweleza. Akakunja uso. "Yeye aimbie ng'ombe yangu? Wewe binti umekunywa nini?"

Deng alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akamkazia macho, kisha akamuuliza mwenyewe, "Yako ilikuwa rangi gani?"

Deng akainua mikono. Wa kulia ukaenda juu, wa kushoto ukapinda mbele ya uso. "Nyeupe," akasema. "Kichwa nyeusi. Hapa kwa bega, nyeusi kidogo."

Mzee Ekiru aliitazama ile mikono mpaka uso wake ukalegea.

"Basi aimbie yake," akasema. "Yangu itatembea tu, itoe kengele."

Niliitoa rekoda nje, nikaiunganisha na betri ya gari, nikaisimamisha maikrofoni mchangani. Upepo, mbuzi, wanawake na mitungi, kila nilichokatazwa kilikuwepo. Mzee akaanza kumzungusha maksai wake, kengele ikashika mwendo, na Deng akaingia. Jamani! Nimepiga muziki mbele ya umati, lakini sijasikia tena kitu kama kile. Ile sauti iliyokwaruza ilifunguka, ikapanda, ikawa kubwa kuliko mwenyewe. Wanawake walitua mitungi. Sikuelewa neno hata moja. Aliimba mpaka mwisho bila kukwama.

Deng akaenda Nairobi, mimi nikaipeleka kaseti Lodwar. Mkurugenzi akavaa hedifoni.

"Wimbo mzuri," akasema. "Toa hiyo kengele."

"Haitoki, mwalimu. Vyote viko njia moja."

"Ungetumia njia mbili."

"Hata zingekuwa mbili, nisingeitoa."

Sikuwahi kumbishia kabla ya hapo. Akaurudisha utepe, akasikiliza tena, macho ameyafumba. "Nenda uchore jalada," akasema.

Nilimchora maksai kama Deng alivyoonyesha, mwili mweupe, kichwa cheusi, pembe moja juu na nyingine ikipinda. Shingo niliiacha wazi. Kengele yake sikuijua, na sikuthubutu kumvisha ng'ombe wa mtu kengele ya kubuni.

Deng alirudi mzima, kitambaa kikiwa shingoni. Sauti haikurudi. Alikuja na watoto wake. Mzee Ekiru naye, ambaye eti alikuwa akipita tu, akasimama dirishani. Nikabonyeza kitufe cha redio ya kaseti. Kengele ikalia, kisha sauti. Watoto wakaitazama redio, wakamtazama baba yao, wakaitazama redio tena. Deng akainua mikono.

Wimbo ulipoisha alilichukua jalada, akalikagua. Nikaogopa kwamba nimekosea pembe. Akanyoosha mkono nimpe kalamu, akachora kengele kwenye ile shingo tupu: ndefu, iliyobonyea upande mmoja.

Mzee Ekiru alisogeza kichwa ndani. "Hiyo si ni ya ng'ombe yangu?"

Deng akaitikia kwa kichwa.

"Basi ikae," mzee akasema, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa na ile rekoda ilishakufa. Jalada la kwanza Deng aliniachia, liko ukutani. Vijana hunijia na kompyuta zao, nami nastaajabu kwa dhati, maana wanafanya mambo ambayo Mkurugenzi angeyapigia magoti. Juzi mmoja aliniambia anaweza kuifuta ile kengele kwenye wimbo wa Deng isisikike kabisa. Nikamwambia akaombe ruhusa kwa mwenyewe.

"Mwenyewe ni nani?" akauliza.

Nikamwonyesha maksai kwenye jalada, na ile kengele shingoni mwake, nikaanzisha wimbo upya.