Wasia wa Kinyozi Asiyenyolewa

Maneno mazuri unayoyajua kuhusu mwanao, unamwekea nani?

Kinyozi mmoja alikuwa akiyaweka mpaka siku ya kuzikwa. Tangu kifungua mimba wake aache kiti cha pili katika saluni ya baba na kufungua ya kwake ng'ambo ya barabara, walipungiana mikono tu, kama watu waliojuana safarini. Na kwa kuwa kijana huyo ndiye aliyekuwa akimnyoa, kichwa cha mzee kiligeuka kichaka. Wateja walimuuliza kama anafuga ndege. Aende kwa kinyozi mwingine? Thubutu. Afadhali kofia, na joto lote lile.

Jumapili moja alasiri alivaa miwani, akatangaza sebuleni kwamba anaandika wasia. Mkewe akataka kujua wasia wa nini, maana mali yenyewe ni mashine tatu, na moja haikati nywele, inazing'oa. Mzee akajibu kwa madaha kuwa huu ni wasia wa maadili, watoto wajue baba yao alisimamia nini.

Akaandika: msidharau kazi ya mikono. Maskini na tajiri wakae kiti kimoja. Msiweke kinyongo.

Mkewe, aliyekuwa akichungulia begani, akakohoa.

"Hilo la mwisho, baba watoto, walisome huku wanakitazama hicho kichwa?"

Binti yao, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alicheka hadi akaiweka chini. Mzee akanuna. Kisha akaandika polepole: Kaka yenu ana mkono mwepesi kuliko wangu. Nilijua kabla hajaondoka, ndiyo maana nilikasirika.

Akaikunja karatasi, akaagiza isomwe akishazikwa. Wazee wetu bwana! Ukali wanautoa papo hapo, sifa wanazifungia kabatini.

"Ukishazikwa, atakunyoaje?" mkewe akauliza.

Mzee akaenda kuoga. Kabla hajajisuuza sabuni, karatasi ilikuwa imepigwa picha na kutumwa kwenye kundi la familia.

Asubuhi yake, akifagia mlangoni pa saluni, alimwona mwanawe akivuka barabara mbiombio, mkasi mkononi, hatazami magari wala pikipiki. Nyuma yake alikuja mteja, shuka ingali shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akiuliza kwa sauti yeye atamaliziwa na nani.