Nati Juu ya Sindano ya Santuri

Baba yangu, Nduwayezu, tuliyemzika mwezi wa pili hapa Nyakitonto, alikuwa katekista, na waombolezaji walisema mema mengi juu yake. Yote ni kweli. Ila mwaka wake wa mwisho aliishi na aibu, nami sitaki isahaulike, kwa sababu aliibeba kama Mkristo.

Mama yetu, Vestina, alikwisha kutangulia. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye santuri ambayo kwaya ya kigango ilirekodi zamani, yeye akiongoza. Baba aliipiga kwenye mashine yake ya santuri kila Jumapili baada ya ibada. Sindano ilipoanza kuruka, alichukua nati ya baiskeli akaifunga kwa mpira juu ya kichwa cha sindano. Haikuruka tena. Lakini polepole sauti ya mama ikaanza kukwaruza, mwisho ikawa kama mtu anakaanga karanga.

Bibi Immakulata, aliyeimba na mama, akaiomba santuri kwa misa ya kumbukumbu yake.

“Mashine ni mbovu,” baba akasema.

“Mashine yako inaumwa kuliko wewe, shemeji.”

Kaka yangu Renatus, mwalimu kule Kibondo, akaja na sindano mpya.

“Baba, nati hii ya nini?”

“Ya kuituliza.”

“Umeikandamiza, baba.”

Akaitoa. Alipofunga sindano mpya, akazungusha uzito wa nyuma ya mkono wa sindano mpaka mkono ukaelea wenyewe, haupandi wala haushuki. Kutoka hapo akaongeza taratibu hadi gramu mbili, kama boksi la sindano lilivyosema. Kisha akalegeza skrubu za kichwa, akakisogeza mpaka kikanyooka na mistari ya karatasi ya kupimia.

“Kikikaa upande, sindano inakula kuta za mfereji wa santuri,” alieleza. Baba alitazama huku midomo ikisali. Bado alitumaini mama atarudi.

Wakajaribu santuri nyingine. Ilitoka safi, hata pumzi za waimbaji zikasikika. Baba akapiga makofi. Wakaweka ya mama. Ikakwaruza vilevile.

Sasa mashine ilikuwa nzima.

“Hukujua, baba, kuwa nati inaichimba,” Renatus akasema.

“Nati sikujua. Immakulata nilimdanganya nikijua santuri ndiyo mbovu.”

Asubuhi akaenda kwa Immakulata. Wanakwaya walikuwa uani wakipura maharage. Baba akavua kofia.

“Si mashine, shemeji. Ni mimi. Nimeiharibu sauti ya Vestina, kisha nikakudanganya.”

Fimbo zikasimama.

“Miaka yote alitufunika sisi wote kwa sauti,” Immakulata akasema, “leo ndiyo umeona umpunguze?”

Wanawake wakacheka. Baba hakucheka. Immakulata akajifuta macho kwa khanga.

“Ilete hivyohivyo. Pale asiposikika, tutaimba sisi.”

Ndivyo ilivyokuwa. Santuri ilikwaruza kanisani, na wanawake wakaziba mapengo kwa sauti zao. Baba, ambaye siku zote alikaa mbele, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuinua uso mpaka wimbo ulipokwisha.